Barua kwa Rehema, aliyeko Munich

Tanga

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu na anauliza huko nazi mnapata wapi.

Picha ya altrasaundi imefika. Nimeigeuza simu mara nne, juu chini, chini juu, mtoto simwoni. Naona wingu tu. Usinicheke. Imenikumbusha mtu wa mji huo huo wako, Werner Herzog, mwongozaji filamu niliyekusudia kukusimulia tangu ulipohama.

Kazaliwa hapo Munich mwaka 1942, vita vimepamba moto, akakulia Sachrang, kijiji cha milimani mpakani na Austria. Simu kaja kupiga mara ya kwanza ana miaka 17. Pesa za filamu zake za mwanzo alizipata kwa kuchomelea vyuma usiku kiwandani, na kamera akaiiba kwenye shule ya filamu. Yeye anasema alikuwa na haki nayo. Wezi gani hawasemi hivyo?

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja huku kwetu, akapiga filamu ya madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda vijijini Kenya, Tanzania na Uganda. Mle ndani watu wanafundishwa afya kwa mabango. Wanaonyeshwa nzi mkubwa aliyechorwa, wanajibu kwamba nzi wa kwao si wakubwa namna ile. Kisha yanatundikwa mabango kadhaa, moja limegeuzwa kichwa chini, wanaulizwa ni lipi. Wengi hawalijui. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaona tumechorwa wajinga tena. Lakini mwenyewe Herzog hakulichukulia kuwa ujinga. Lilimfikirisha jinsi macho yanavyofundishwa kusoma picha. Na leo mimi, na shahada yangu ukutani, nimeshindwa kumwona mtoto wako.

Wengi wanamjua kwa ile filamu yake ya Fitzcarraldo ya 1982, alipoivutisha meli ya kweli ya mamia ya tani juu ya kilima katika msitu wa Peru. Angeweza kutumia meli ya kuchezea, akakataa. Watu waliumia kwenye kazi ile, na hapo mimi simsifu.

Ninachompendea ni jambo lingine. Novemba 1974 alipata habari kwamba Lotte Eisner, bibi aliyeandika sana juu ya sinema ya Kijerumani, yu mahututi Paris. Akachukua koti, dira na begi, akatoka Munich kwa miguu. Alijiaminisha kwamba akienda kwa kutembea, yule bibi hatakufa. Wiki tatu kwenye mvua na theluji, miguu malengelenge, akilala kwenye mabanda na nyumba za watu alizozikuta tupu. Akamkuta hai. Eisner akaishi mpaka 1983.

Wazungu wanaandika kwamba ni ukichaa. Bibi yangu angeuliza swali moja tu: nadhiri aliiweka kwa nani?

Mimi nadhiri ya miguu kutoka Tanga siiwezi, Mungu anisamehe. Nitakuja kwa ndege ukishajifungua, na nazi za kukuna nitabeba.

Ila nijibu haraka, maana hapa nyumbani tumegawanyika: kile cheupe upande wa kushoto ni kichwa au goti? Mama kashikilia kwamba ni goti.

Wako,
Mwanaidi