Mtoto wa elimu maalumu akiugua darasani nani anajua cha kufanya?

Mhariri, naomba nafasi niseme hili maana linaniuma sana. Tukiongelea elimu maalumu watu wanawaza viti vya magurudumu na nukta nundu, sawa, ila kuna watoto wana kifafa, pumu, seli mundu au kisukari juu ya ulemavu walionao na hao wanasahaulika kabisa.

Chukulia mtoto mwenye usonji asiyeongea halafu ana kisukari, sukari ikishuka anatetemeka, jasho linamtoka, anakuwa mkali, mwalimu anaona utundu anamtoa nje, kumbe kama bado anaweza kumeza alitakiwa apewe kitu chenye sukari fasta, chenye gramu 15 hivi za sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Na asiachwe peke yake! Kifafa ndo usiseme, bado wapo wanaomwekea mtoto kijiko mdomoni, jamani hapana, mlaze ubavu, angalia saa, ikipita dakika 5 akimbizwe hospitali. Wa seli mundu yeye anahitaji maji kila mara na ruhusa ya chooni bila kuulizwaulizwa, hiyo haina gharama yoyote.

Ninachoomba wakuu wa shule, kila mtoto wa hivi awe na karatasi ya maelekezo, mzazi, mwalimu na daktari wakae waiandike pamoja, dalili zake, dawa zake, simu ya nyumbani, na isifungiwe kabatini ofisini, hata mwalimu aliyeshikia kipindi aione. Na akilazwa apelekewe kazi za darasani, asikaririshwe darasa kwa sababu tu aliumwa.

Mzazi, msomaji wenu