Hamisi, kabla hujashika usukani wa haibridi

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata. Unauliza kama kulijaribu gari la haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kuna tofauti yoyote na kujaribu gari la kawaida. Ipo, tena kubwa. Masikio yako yamezoea gari la petroli: likinyamaza limezimika, na injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka haraka, gia zinateleza. Kwenye haibridi mambo hayo yote mawili ni ya kawaida, na ugonjwa wenyewe hujificha mahali ambapo hujazoea kupatazama. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Kwanza muulize mwenye gari ni haibridi ya aina gani. Kuna ile nyepesi, ambayo mota yake inaisukumia injini kidogo tu na haiwezi kulipeleka gari peke yake. Kuna ya kuchomeka kwenye umeme. Halafu kuna ile kamili, inayojichaji yenyewe kwa injini na kwa breki na kutembea kwa umeme mtupu ukiwa mwendo mdogo. Kwa ulivyolieleza, lako ni la aina hii ya mwisho, lenye mpangilio ulioanza na Toyota Prius mwaka 1997: injini moja, mota mbili za umeme, na seti ya gia zinazozungukana katikati yake. Halina klachi, halina stata, halina altaneta. Vitu vitatu ambavyo hutahitaji kuvikagua.

Lifikie likiwa baridi. Hili ulisimamie kweli kweli. Mwambie muuzaji tangu jana yake asiliwashe, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ukihisi joto, panga siku nyingine. Gasketi ya silinda hedi ikianza kuvuja, maji ya kupozea hujipenyeza taratibu ndani ya silinda gari likiwa limelala usiku. Asubuhi injini ikiwaka inatikisika na kugonga kama inataka kung'oka kwenye vishikizo vyake, kwa sekunde chache tu, kisha inatulia. Ikishapata moto, huoni wala husikii kitu siku nzima. Ukikuta limeshawashwa, umekosa nafasi pekee ya kuisikia dalili hiyo.

Fungua boneti kabla ya kuwasha. Kwa kawaida utakuta matangi mawili madogo ya kulanti, yaani maji ya kupozea, moja la injini na moja la inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota. Kulanti iwe kati ya alama ya juu na ya chini kote kuwili. La injini likiwa pungufu na hakuna unyevu wowote nje, jiulize maji yamekwenda wapi. Nyaya nene za rangi ya chungwa utakazoziona humo zitazame kwa macho tu. Zinabeba mamia ya volti, na si za kuguswa na mtu asiye na glavu na mafunzo yake.

Sasa ingia ndani. Ukifungua mlango wa dereva huenda ukasikia mvumo mfupi kutoka upande wa injini, kama mashine ndogo ya kujazia upepo. Ni pampu ya breki inajaza shinikizo, na ni ya kawaida. Bila kukanyaga breki, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili. Taa zote za onyo ziwake, ikiwemo ile ya manjano yenye umbo la injini. Ikikataa kuwaka hapo, huenda kuna mtu ameinyamazisha kwa makusudi, na hakuna haja ya kuendelea.

Zima, kanyaga breki, bonyeza mara moja. Unachosubiri ni neno READY kwenye dashibodi. Likitokea, gari limewaka hata kama kimya kimetanda. Baada ya muda mfupi injini itawaka yenyewe ili kupasha moto katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, itaunguruma kwa dakika moja hivi kulingana na baridi ya siku hiyo, kisha itazima. Kaa kimya, zima redio, sikiliza. Mtetemo niliokueleza hutokea hapa.

READY isipotokea, usikubali haraka kwamba betri kubwa, ile inayoendesha mota, imekufa, wala usikubali haraka kwamba ni "betri ndogo tu". Betri ya volti 12, ambayo kwenye magari mengi ya namna hii imewekwa ndani ya buti au chini ya kiti cha nyuma, haizungushi injini. Inaamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoiunganisha betri kubwa. Ikiishiwa, dashibodi hujaa taa za ajabu ajabu na gari haliendi popote, hata kama betri kubwa ina chaji ya kutosha. Nenda na multimita, kipimo cha umeme. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri ndogo nzima husoma volti 12.4 hadi 12.6. Gari likiwa READY, isome karibu na 14. Ikibaki 12 na kitu wakati gari liko READY, kifaa kinachofanya kazi ya altaneta hakichaji, na hapo betri mpya haitakusaidia.

Neno kuhusu mkono wa gia, maana wengi hukosea hapa. Kwenye baadhi ya magari haya mkono ni mdogo, ukishauelekeza kwenye D unarudi wenyewe katikati, na P ni kitufe cha pembeni. Herufi B haina uhusiano na kurudi nyuma. Kurudi nyuma ni R kama kawaida. B ni ya mteremko mrefu. Betri ikijaa haiwezi kupokea umeme zaidi kutoka kwenye breki, kwa hiyo B inaizungusha injini bila mafuta ili ilishike gari. Usiendeshe nayo kwenye tambarare, utapoteza bure umeme ambao ungerudi kwenye betri. Na kwenye foleni usikae muda mrefu kwenye N, kwa sababu katika N betri kubwa haichajiwi huku kiyoyozi kikiendelea kuinyonya.

Chagua njia yenye tambarare, mlima na mteremko, na uombe nusu saa nzima. Kuzunguka mtaa kwa dakika tano hakutakuonyesha chochote. Ondoka kwa mguu mwepesi. Gari litateleza mbele kwa umeme, utasikia matairi na mlio mwembamba wa mota. Ongeza kidogo, injini iingie. Kuingia kwake uhisi kama mtu amefungua bomba chumba cha pili: unajua limetokea, lakini halikushtui. Kishindo au mkwaruzo ni dosari. Kisha, barabara ikiwa wazi, kanyaga mafuta mpaka chini. Injini itapanda ghafla kwenye mlio wa juu na kubaki pale pale huku spidi ikiendelea kupanda. Ndivyo gia hizi zinavyofanya kazi, hakuna kinachoteleza.

Breki zinastahili muda wako. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, kanyaga breki taratibu na utupie jicho skrini ya nishati: mishale igeuke kutoka kwenye magurudumu kwenda kwenye betri. Hapo kinachopunguza mwendo ni mota, iliyogeuka jenereta. Mwendo ukishuka hadi karibu kilomita 10 kwa saa, mota inaachia na pedi zinashika. Mguu wako utahisi mabadilishano hayo, na yawe laini. Ukipita kwenye shimo au tuta huku umekanyaga kidogo, unaweza kuhisi breki zimelegea kwa kufumba na kufumbua: gurudumu limepoteza mshiko, kompyuta imekata jenereta na kukabidhi breki za kawaida. Usiachie kanyagio, kaza. Kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi, pedi hudumu sana, na muuzaji atajivunia hilo. Upande wa pili wake ni kwamba diski hushika kutu na pini za kalipa hukwama kwa kutotumika. Simamisha gari kwa nguvu mara nne au tano pasipo na watu. Mkwaruzo wa kutu uondoke. Ukibaki, au gari likivuta upande mmoja, kuna kazi ya kufanya.

Baadaye ukisimama, ondoa mguu kwenye breki, gari likiwa P, na uisikilize tena ile pampu. Ikivuma kila baada ya sekunde chache bila wewe kugusa kanyagio, shinikizo linavuja mahali ndani ya mfumo. Kifaa hicho ni miongoni mwa vya gharama kubwa kwenye gari zima, na watu wengi hawaijui dalili yake.

Sasa betri kubwa, ambayo ndiyo safari yenyewe. Usiulize ina miaka mingapi tu. Iache ijaze na kumwaga mbele ya macho yako. Kompyuta haiiachi betri ijae kabisa wala iishe kabisa. Kwa magari mengi huishikilia kati ya asilimia 40 na 80 hivi, kwa hiyo vipimo unavyoviona kwenye skrini ni vya eneo hilo la katikati. Panda mlima, viangalie vinavyoshuka. Teremka, viangalie vinavyopanda. Betri nzima hubadilika polepole, kidogo kidogo. Iliyochoka huporomoka hadi vijiti viwili kwenye mlima mfupi, kisha ikajaa hadi juu kwenye mteremko usiofika hata nusu ya mlima huo. Ni ndoo iliyogeuka kikombe: kujaa upesi kwake ndiko kunakotia wasiwasi.

Ukirudi, endelea na kipimo cha pili. Egesha mahali pa wazi, kamwe si kwenye gereji iliyofungwa, kwa kuwa injini itajiwasha yenyewe na moshi wake unaua. Acha READY, P, kiyoyozi mwisho, taa kubwa zikiwaka. Kwa saa yako, andika injini inakaa muda gani imezima na muda gani inawaka. Ikipumzika dakika kadhaa kabla ya kujiwasha, vizuri. Ikiwaka na kuzima kila dakika moja au mbili, betri haishiki chaji. Hapo hapo weka mkono kwenye tundu la hewa: baridi iendelee hata injini ikiwa imezima, kwa kuwa kompresa ni ya umeme. Uliza kama gesi imewahi kujazwa, na fundi alitumia mafuta gani. Kompresa hizi zinataka mafuta maalumu yasiyopitisha umeme. Akitia ya gari la kawaida, umeme huvujia kwenye bodi na kompyuta inaweza kulikatalia gari kuwaka.

Pitisha vidole kwenye tundu la kupozea betri, mara nyingi pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Ukikuta vumbi limeganda kama blanketi, betri imekuwa ikipumua kwa shida kwa muda mrefu, na joto ndilo linalozizeesha betri hizi. Feni ikivuma kwa nguvu kutoka nyuma siku isiyo na joto, ichukulie hivyo hivyo.

Mwisho, mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Namba ya kosa P0A80 maana yake kompyuta imeshaihukumu betri. Lakini kukosekana kwa namba hakutoshi, kumbukumbu hufutwa kwa dakika moja. Fungua ukurasa wa majaribio ya ndani ya gari: kama mengi yanasoma kuwa hayajakamilika, kuna mtu amefuta makosa juzijuzi tu. Kisha tazama volti za makundi ya betri. Prius ya kizazi cha pili, kwa mfano, ina moduli 28, yaani vipande vya betri, za volti 7.2, zote zikiunganishwa kwa mfuatano kupata volti 201.6, na kompyuta huzisoma mbili mbili, yaani namba 14. Msaidizi wako asome huku wewe ukikanyaga mafuta. Zote zishuke pamoja kama safu ya askari. Moja ikizama volti nzima chini ya wenzake, hiyo ndiyo inayowavuta wote. Ukiambiwa "moduli moja ilishabadilishwa", mimi sihesabu hayo kuwa matengenezo: zilizobaki zina umri ule ule na joto lile lile, zitafuata.

Kabla hujashuka, bonyeza P, zima, na uhakikishe READY imetoweka. Gari hili linaweza kuachwa likiwa hai bila mlio wowote, na mtoto akichezea breki na mkono wa gia linaweza kuondoka.

Namba zote utakazoziona, zile za volti za makundi ya betri na za makosa kama zipo, zipige picha zikiwa kwenye skrini, gari likipanda mlima na likiwa limesimama. Nitumie jioni hiyo hiyo kabla hujaahidi malipo yoyote, nami nitakujibu usiku.

Wako,
Juma