Chupa ile ya dirishani

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Najua nimekaa kimya tangu uhame, na barua yako ya mwisho ingali mezani bila jibu, uniwie radhi. Mimi mzima, nyumbani wazima, Babu Chupa naye mzima, bado anazungusha hata glasi ya maji kabla ya kunywa. Sasa nisikilize, kuna jambo linaninyima usingizi.

Unaikumbuka ile bia niliyoiponda kwenye tathmini niliyowasambazia? Niliipa 2 kati ya 10. Nikaandika kwamba inanuka kicheche na kwamba aliyeipika hajui usafi. Hayo ya usafi ndiyo yananichoma. Chupa yake ilikuwa ya kioo kisicho na rangi, nami niliiweka dirishani siku tatu, jua linaipiga kila asubuhi, kwa kuwa nilipenda kuiangalia iking'aa. Harufu ile haitokani na uchafu. Mwanga ukiingia kwenye bia, vitamini B2 iliyomo huudaka, kisha vile vitu vichungu vya hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, huvunjika na kukutana na salfa. Kinachozaliwa hapo pua hukinasa hata kikiwa nanogramu chache tu katika lita nzima. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Cha kijani na kile kisicho na rangi havisaidii sana. Haya nilikuwa nayajua! Nimewafundisha wengine! Na bado nikambebesha mtu kosa la dirisha langu.

Na aliisoma. Aliniandikia mstari mmoja tu, ananishukuru kwa kuionja bia yake. Basi. Angenitukana ningelala.

Nimetafuta chupa nyingine, nikaifungia kabatini gizani, juzi nikaionja. Nilisikia maua, ganda la chungwa, utamu mdogo wa shayiri, na uchungu unaokaa kooni kwa adabu. Nikaandika 8. Halafu nikaifuta. Nitajuaje kama alama ile imetoka ulimini au imetoka kwenye majuto? Wale wanafunzi 54 wa mvinyo kule Bordeaux, Ufaransa, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2001, walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Rangi peke yake iliwapotosha pua. Mimi nina deni moyoni, na deni lina nguvu kuliko rangi.

Kwa hiyo naomba ulimi wako. Utaletewa chupa tatu nilizozizungushia karatasi nyeusi, zina namba 417, 285 na 936. Moja ni yake. Ipi, sikwambii. Mtu mwingine akumiminie wewe ukiwa chumba cha pili, kisha uzionje bila haraka. Usizinywe zikiwa za barafu. Baridi kali huifunga harufu, na mimi harufu ndiyo ninayoitaka. Andika kila unachokisikia kabla ya kutoa alama yoyote. Na tafadhali usinihurumie. Kama inastahili 4, iwe 4, nitaiandika hivyo hivyo.

Kabla sijasahau, ile saida, pombe ya tufaha, uliyonieleza, iliyonukia tufaha safi halafu baada ya kumeza ikakuletea kizimba cha panya, wenzako wakakucheka. Hukukosea hata kidogo! Kasoro hiyo ipo na waonjaji huiita hivyo hivyo, ya panya. Asidi ya saida huifunga isipae hadi puani. Ukimeza, mate hupunguza ule ukali, nayo inafunguka na kupanda kwa nyuma ya koo, pengine baada ya sekunde nyingi. Na wapo watu wasioisikia kabisa, kwa hiyo Mama Pili naye hakusema uongo. Mwambie tu arudie, na safari hii asubiri kabla ya kunena.

Tathmini yangu ya kwanza sitaichana. Nitaiacha, na juu yake nitaandika kilichotokea, dirisha na siku tatu na yote, ili aliyesoma ile asome na hii. Lile neno la usafi nitamwomba radhi mwenyewe, kwa mkono wangu, nisingoje alama zako. Au unaona nimwandikie baada ya majibu yako kufika? Ungekuwa wewe, ungetaka kusikia nini kutoka kwangu? Chupa utaweza kuzionja wiki hii? Nani atakumiminia? Bado unazo zile glasi zenye mdomo mwembamba, au zilivunjika safarini? Na pua yako imepona ile mafua? Kama haijapona, ziweke gizani usubiri, hata mwezi.

Niandikie upesi.

Mwonjaji mwenzio