Barua ya wazi kwa Waziri: mwizi haogopi miaka, anaogopa kukamatwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usalama wa raia,

Nimelisoma pendekezo lako la kuongeza kifungo cha wizi wa nyumbani kiwe mara mbili ya kilichopo. Nakuandikia nikiwa mtu niliyeibiwa, kwa hiyo usidhani nawatetea wezi. Nataka wizi upungue, na naona njia hii haitupeleki huko.

Kijana aliyevunja nyumba yangu alikamatwa kwa bahati tu, akihangaika kuuza redio yangu. Nilimkuta kituoni, kakaa kwenye benchi na pingu mkononi, nami nasubiri kuandika maelezo. Nikamuuliza, kwa nini kwangu? Akanijibu kwa utulivu: taa ya nje imeungua siku nyingi, dirisha la jikoni halina komeo, na sisi hutoka asubuhi tusirudi mpaka jioni. Nyumba yangu aliijua kuliko mimi. Nikamuuliza kama alijua kosa hilo lina kifungo cha miaka mingapi. Akatikisa kichwa. "Nilijua hakuna atakayeniona."

Mheshimiwa, jibu hilo ndilo linalobishana na muswada wako. Mhalifu hupima: nitapata nini, nitasumbuka kiasi gani, nitakamatwa? Cesare Beccaria wa Italia aliandika tangu mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa adhabu na upesi wake kuliko ukali wake. Mwaka 1968 mwanauchumi Gary Becker aliiweka hoja hiyo katika hesabu: uzito wa adhabu huzidishwa na uwezekano wa kuipata. Uwezekano ukikaribia sifuri, hata miaka 30 inakuwa si kitu. Sisi wenyewe husema za mwizi ni 40, tukajifariji. Mwizi naye anaisikia methali hiyo, na anachosikia ni kwamba siku 39 ni zake.

Tazama Uingereza mwaka 1967, polisi walipopewa kipimo cha pumzi cha kuwabaini madereva walevi. Vifo vya barabarani vilishuka, kwa kuwa madereva waliamini watapimwa. Walipokuja kugundua kuwa kupimwa ni nadra, nafuu ile ikaanza kuyeyuka. Sheria ilikuwa ileile na adhabu ileile. Kilichobadilika ni hofu ya kukamatwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 walianza kumtoza faini papo hapo mwendesha pikipiki asiyevaa helmeti. Lengo lilikuwa usalama barabarani, wala hakuna aliyekuwa akifikiria wezi. Lakini anayeiona pikipiki njiani na kuitamani hatembei na helmeti mkononi, na akiiendesha kichwa wazi atasimamishwa mara moja. Pikipiki zilizoibwa zilikuwa takriban 150,000 mwaka huo. Kufikia 1986 zilikuwa chini ya 60,000. Wizi wa magari na baiskeli haukupanda kiasi cha kuonyesha kwamba wezi walihamia huko tu.

Nakubali, mwenye hasira au aliyelewa hapigi hesabu vizuri. Lakini huyo ndiye wa mwisho kukumbuka kwamba kifungo kimeongezwa.

Kesi yangu iliahirishwa mara 6. Jirani aliyekuwa shahidi aliacha kwenda baada ya mara ya 4, kwa sababu kila siku ya mahakama ilimkosesha kibarua. Kijana akaachiwa. Naamini wenzake wamelipata somo hilo bila kusoma sheria yoyote. Kila mwaka utakaouongeza utahitaji mahali pa kulala, chakula na askari magereza. Fedha hizo ziende kwa wapelelezi, kwenye taa za mitaani na kwenye nauli na posho ya shahidi, ili jalada lisilale miezi kabatini.

Kabla muswada haujafika bungeni, naomba ututangazie mambo mawili: katika kila wizi 100 unaoripotiwa, ni mingapi humfikisha mtu mahakamani, na ni siku ngapi hupita tangu mtu kukamatwa hadi hukumu. Kama takwimu hizo hazipo mezani kwako, muswada usubiri mpaka zipatikane.

Wako,
Raia aliyeibiwa