YAH: Oda ya manyoya ya kanga, ndani mmeniwekea taji la korongo

Kwa wakubwa wa kampuni,

Habari za kazi. Mimi ni kastoma wenu wa siku nyingi hapa Entebbe, natengeneza hereni na vidani vya manyoya, na kina mama wanaouza pale soko la sanaa la Buganda Road Kampala wananijua vizuri. Leo naandika nikiwa na hasira na woga pia, kwa hiyo naomba sana barua hii isiishie kwa yule kijana wenu wa kastoma kea ambaye kila nikimtumia meseji anajibu "tunashughulikia" halafu kimya.

Oda iko wazi kwenye risiti niliyoambatisha. Niliagiza manyoya ya kanga, yale meusi ya madoadoa meupe, na miiba ya miguu ya kwale dume ambayo huwa natoboa kwa drili ndogo nafanya vidani, vyote vya ndege waliowindwa kwa kibali, na nyinyi wenyewe kwenye tangazo mmeandika uwindaji halali na karatasi zipo. Ndio maana nilikubali bei yenu ambayo sio ya kitoto.

Parseli ikaja kwa basi bila karatasi hata moja. Nikasema labda zinafuata. Nikaanza kuchambua kama kawaida, maana manyoya ya porini hayaendi moja kwa moja kwenye gundi, kwanza yanakaa kwenye friza wadudu wafe, halafu unayaosha na sabuni isiyo kali, unayakausha taratibu yasijikunje. Manyoya ya kanga yenyewe mazuri, sina neno, na miiba ya kwale iko sawa. Lakini kwenye fungu la mwisho, katikati kabisa, nikakuta kishungi kizima cha rangi ya dhahabu, nyuzi nyembamba ngumu zimesimama kama nyasi kavu, na chini kipande cha ngozi bado kimezishika. Mtu yeyote aliyesoma Uganda anajua kile ni nini. Ni taji la korongo, yule yule aliye katikati ya bendera yetu, ambaye hata timu ya taifa imechukua jina lake. Na taji halidondoki lenyewe na ngozi yake jamani, huyo ndege ameuawa!

Sasa mnajua mmeniweka wapi? Sheria ya wanyamapori ya 2019, kwa wanyama walio hatarini kutoweka, inafika kifungo cha maisha au faini ya bilioni 20, na sio maneno ya kutishia watu tu, mwaka 2022 mahakama hapa Kampala ilimfunga mtu maisha kwa sababu ya pembe za ndovu. Huyu korongo kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, yuko kwa walio hatarini tangu 2012, mabwawa anapozalia yanakaushwa watu walime, na mtu anaona ni sawa amuue aje kumuuza kwenye fungu la manyoya ya kanga. Inaniuma sana, siwezi kuficha.

Halafu fikirieni kama parseli ingemfikia mtu mgeni kwenye hii kazi ambaye hachambui. Angezifunga zile nyuzi kwenye hereni, mtalii ananunua, anafika eapoti anashikwa maana korongo yuko kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, na huwezi kumtoa nchini bila kibali, na jina lililoandikwa nyuma ya kadi ya hereni ni la fundi, sio lenu.

Kazi yetu haina ubaya. Kanga akishaliwa manyoya yake yanaenda jalalani, sisi ndio tunayaokota tunayapa thamani, lakini lazima ijulikane ndege kawindwa wapi, na nani, na kwa kibali gani cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Tena kuwinda kuna kibali chake na kuuza viungo vya wanyama kuna chake, na nyinyi mnaouza ndio mnatakiwa kuwa nacho hicho cha pili. Kama mnacho kwa nini hamkukipiga hata picha mkaniwekea?

Ninachotaka ni pesa yangu yote irudi, pamoja na nauli ya parseli, na mniandikie nani aliwaletea lile fungu. Pia wapigieni mafundi wote waliopokea mzigo wa siku ile wachambue kabla hawajaanza kazi, hilo msingoje mpaka mmalize kikao, fanyeni leo.

Mimi lile taji silali nalo nyumbani. Naandika hii nikiwa njiani kwenda ofisi ya UWA pale Kamwokya, ninalo kwenye bahasha pamoja na lebo ya parseli yenye jina lenu, kwa hiyo wakiwapigia simu mjue limetoka kwangu.

Mteja wenu,
fundi wa hereni, Entebbe