Barua ya wazi kwa Baba Mdogo: nimeitazama miguu ya Brutus

Shikamoo Baba Mdogo,

Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno niliyokusema kwenye msiba wa mwanao niliyasema hadharani, chini ya turubai, watu wakisikia.

Wiki hii nilikuwa Paris, nikaingia makumbusho ya Louvre. Kuna mchoro mle wa Mfaransa Jacques-Louis David, wa mwaka 1789, umejaa ukuta: kwenda juu unapita mita 3, upana unapita mita 4. Kisa ni cha Roma ya kale. Brutus alimng'oa mfalme, akawa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa serikali, katika jamhuri mpya. Kisha wanawe wawili, Titus na Tiberius, wakakamatwa wakila njama za kumrudisha mfalme. Adhabu ilikuwa kifo, na msimamizi wa hukumu alikuwa baba yao. David hakuichora hukumu. Alichora maiti zikiletwa nyumbani.

Mwanga wote umewaangukia wanawake. Mama amenyoosha mkono kuelekea kwenye machela, binti mmoja amelegea kifuani pake, yaya pembeni amejifunika uso. Mezani kuna kikapu cha mshono, kazi imekatizwa. Kikapu kile kilinibana koo. Hata kwenu siku ile mchele ulibaki kwenye ungo, nusu umechambuliwa.

Brutus mwenyewe humwoni upesi. Amekaa gizani kushoto, chini ya sanamu ya mungu wa kike Roma, amewapa mgongo wanaobeba maiti. Uso mkavu. Ningeishia usoni ningesema ana moyo wa jiwe, kama nilivyokusema wewe. Lakini shuka chini, tazama miguu: ameipandanisha, vidole vimekaza. Kilio chake chote kimeteremkia huko.

Nikakuona wewe nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, gari la maiti linaingia. Hukuinuka. Kandambili moja ilikuwa imekuvuka, na kidole gumba cha mguu mmoja kinausugua mguu wa pili, kinausugua tu. Niliona, Baba Mdogo, na bado nikafungua mdomo.

Wala wewe si Brutus. Yeye aliwahukumu wanawe. Wewe ulimuuguza wako, ukambeba mgongoni hadi bafuni usiku kwa usiku.

Nisamehe. Desemba nikija, naomba nikae nawe pale kwenye tangi.