Kataeni flashi, msitufukuzie kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lililotokea hapa Dodoma mwezi uliopita, ambalo mpaka leo linaniuma.

Lilikuwa bonanza la mpira wa pete la wafanyakazi, jioni, ndani ya ukumbi. Wachezaji ni akina mama na akina dada wa maofisini, wengi wao walikuja huku Serikali ilipohamia Dodoma, na baada ya kazi ndipo wanapopata saa moja ya mazoezi. Robo ya tatu, magoli yanafukuzana. Mfungaji akadaka mpira, akajipanga, akanyanyua mikono. Mpiga picha mmoja aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya goli akamuwashia flashi usoni. Mpira ukagonga chuma ukatoka nje, dada wa watu akabaki anapikicha macho. Kocha wake akaja juu, na waandaaji wakakata shauri palepale: kamera zote nje. Na mimi, mpiga picha pia, nikatolewa, wakati flashi sikuwa nayo hata kwenye begi. Usiku likaja tangazo kwenye kundi la WhatsApp kwamba mpaka fainali hakuna kamera ukumbini.

Kocha yule alikuwa na haki ya kukasirika. Ninachobishia ni dawa iliyochaguliwa.

Kazi ya kupiga michezo ya ndani nilijifunzia mbali sana na Nkuhungu ninakoishi. Niliwahi kukaa Winnipeg, Kanada, misimu mitatu ya baridi, nikifanya usafi wa usiku kwenye jengo lenye kiwanja cha barafu. Huko wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu: sita kwa sita pamoja na mlinda mlango, wanateleza kwa viatu vyenye bapa la chuma chini, wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachokaribia gramu 170. (Msomaji asione ni habari ya Wazungu peke yao. Majirani zetu Wakenya wana timu yao, Ice Lions, iliyolelewa kwenye kiwanja kidogo cha barafu katika hoteli ya Panari, Nairobi.) Saa za mchana na jioni pale zilikuwa za watoto. Watu wazima wanaocheza kwa mapenzi tu, fundi bomba, mwalimu, dereva wa basi, walipewa saa nne usiku. Watazamaji walikuwa watatu, wanne. Nikaomba ruhusa niwapige picha nikimaliza kudeki.

Usiku wa kwanza mzee mmoja wao aliniambia neno moja: flashi hapana. Mlinda mlango anakitazama kisahani kinachomjia kwa kasi kuliko pikipiki ya barabara kuu. Ukimpofusha nusu sekunde unaweza kumvunja mtu. Lakini hakuniambia niondoke. Alinionyesha pembeni pa kusimama, akaniachia kiwanja.

Basi nikajifunza kufanya kazi na mwanga uliopo. Lenzi yenye tundu pana, ya 2.8. Kasi ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, isipungue 1/500 ya sekunde, la sivyo mikono na magongo yote yanakuwa moshi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, unaipandisha hadi 3200, wakati mwingine 6400. Picha inapata chengachenga, ndiyo, lakini chenga zinavumilika kuliko uso uliovurugika.

Lililonisumbua zaidi ni weupe wa barafu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza yenyewe. Barafu inatoka rangi ya majivu na nyuso nyuma ya nyavu za kofia zinakuwa giza tupu. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja juu ya ule kamera inaoutaka. Niliporudi nyumbani nikakuta ugonjwa uleule kwenye kumbi zetu zenye kuta nyeupe. Ndiyo maana picha nyingi za michezo ya ndani zinaonyesha ukuta safi kabisa, na dada zetu weusi wamebaki vivuli visivyo na macho. Flashi haihitajiki hapo. Anahitajika mpiga picha anayejua kuisahihisha kamera yake.

Na taa nazo zina mambo yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za mrija na zile kubwa za darini huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, shata ya kasi inaona: picha moja ina mwanga mzuri, inayofuata imekuwa ya njano au imefifia. Piga tatu nne mfululizo, kisha chagua.

Kwa nini nang'ang'ania? Yule dereva wa basi wa Winnipeg alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, amecheza tangu utotoni, na hakuwa na picha hata moja akiwa mchezoni. Nilipomkabidhi yake alikaa kwenye benchi na viatu vyake vya chuma miguuni, akaitazama mpaka taa zikaanza kuzimwa. Hapa Dodoma kuna mama wa masjala aliyeniomba picha moja tu akiruka kuzuia mpira, kwa sababu watoto wake hawaamini kwamba anaruka. Nilikuwa nimepanga kumpiga picha hiyo siku ile tuliyotolewa.

Wachezaji wa Simba na Yanga wana wapiga picha wa kutosha. Huyu mama hana mwingine.

Nawaomba waandaaji waandike kwenye kanuni zao kwamba flashi ni marufuku, na atakayewasha atoke yeye na begi lake. Watuchoree sehemu ya kukaa kwenye kona, mbali na goli. Na wawashe taa zote. Nimeona mara nyingi nusu zimezimwa ili kubana umeme, na hata wachezaji wenyewe wanapata shida. Nawe Mhariri, ukitupa nafasi ndogo ukurasa wa michezo siku ya Jumatatu, picha moja ya wachezaji wa ridhaa na majina yao yameandikwa sawasawa, mimi nitaleta bila malipo.

Fainali bado wiki mbili. Nitafika mapema na kamera, na kabla sijaingia nitamfungulia mwandaaji begi langu alikague.

Ni mimi msomaji wako,
Mpiga picha wa Nkuhungu, Dodoma